Unga wa Magoti

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu nyingi zikufikie hapo mezani kwako, miwani ikiwa puani na kaka yetu amekaa mbele yako anapuliza chai. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wote wazima? Na Mama je, ameamkaje leo? Amekula? Hilo la Mama siliulizi kwa adabu ya barua. Jibu lake nalihitaji kuliko majibu mengine yote.

Kwa kawaida hapa ndipo ningekuandikia kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Leo kalamu inakataa. Mimi si mzima, nakuandikia nikiwa nimelala kwa ubavu kwenye kitanda cha hospitali, karatasi juu ya trei ya chakula. Na hofu yangu leo haiko kwako. Iko kwa Mama.

Kwanza usimfokee kaka. Yeye ni dereva, ametumwa. Nimemwambia aliache lori lake, aazime gari dogo la bosi wake, akupe barua hii mkononi, na asiondoke hapo bila Mama. Huku kuna kitanda kinamngoja, wodi hii hii niliyolazwa mimi, na daktari anajua kwamba anakuja. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, mdogo wangu, mpaka kidole kimeota sugu. Mara ya mwisho alipokea mkweo, akaniambia unaoga, na nyuma yake nikakusikia unakohoa. Mtu anayeoga hakohoi sebuleni. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, kama enzi zile ulipokuwa shule ya bweni na mimi nikikuandikia kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, nawe ukiusoma kwa sauti mbele ya wenzako mkaucheka. Ucheke tena leo, lakini soma mpaka mwisho. Kaka akimaliza chai mwongeze nyingine. Ombi langu nimeliweka chini kabisa kwa makusudi, maana ningelianza nalo ungeikunja karatasi ukaitia motoni.

Nianze na mwanangu. Najua umeshaguna, umesema huyo tayari, ameanza. Nimeanza, ndiyo. Mimi nitamsifu mwanangu hata nikiwa na dripu mkononi, na dripu ninayo.

Kiulizo wetu unamkumbuka alivyokuwa. Mwalimu wake wa kwanza ndiye aliyempa jina hilo, akasema huyu mtoto si mtu, ni alama ya kuuliza iliyovaa sketi. Kwa nini maziwa yanafurika na maji hayafuriki, kwa nini pasi ikipita kwenye pamba inanukia na kwenye nailoni inanuka. Wewe mwenyewe ulikuwa unamkimbia. Leo hayo maswali ndiyo kazi yake, yuko maabara ya chuo kikuu anasomea shahada ile ya mwisho kabisa, ambayo juu yake hakuna tena, labda dari. Koti lake jeupe nimelishona mimi. Wenzake wamenunua ya dukani, yanawaning'inia kama magunia yaliyovalishwa fimbo. La mwanangu limekaa mabegani mpaka Profesa wake akauliza fundi wake ni nani. Akajibu: mama. Sikuambiwa hilo na mtu mwingine, aliniambia mwenyewe, na mimi nikalisambaza mtaa mzima.

Sasa habari ya kazi yake isikilize vizuri, usiiruke, maana kesi yote imo humo.

Mwilini, anasema, kuna vitu vinaitwa homoni. Tezi inazitengeneza hapa, damu inazibeba, zinakwenda kufanya kazi kule. Ziko zinazoitwa homoni za steroidi. Humo zimo za kike, zimo za kiume, na imo moja inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe, na ndiyo inayotusimamisha mwili unapopigwa na ugonjwa au mshtuko. Lakini homoni peke yake ni bure. Ndani ya seli lazima ikute kitu cha kuipokea, na kitu hicho wanakiita kipokezi. Hapo nikamkatiza, nikamwambia basi homoni ni kifungo na kipokezi ni tundu lake, kifungo kisichokuwa na tundu ni pambo tu. Akaruka kwenye kiti. Ehee, Mama, akasema, sasa ngoja maajabu: vifungo vyenyewe ndivyo vinavyoamua matundu yawe mengi au machache! Ile homoni ya kike inayotangulia ikifika kwenye mji wa mimba, inatoboa matundu zaidi, yake na ya homoni ya pili inayokuja nyuma yake. Ile ya pili ikishaingia inaanza kuyaziba, ya mwenzake na yake mwenyewe. Nikamwambia huyo wa pili ni mke mwenza huyo. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Na ile ya juu ya figo? Mtu akimiminiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, kama wagonjwa wanaomeza vidonge vyake, seli nyingi zinapunguza matundu. Nguo imechoshwa na vifungo, inajishona yenyewe. Kazi ya mwanangu ni kutazama hayo matundu kwenye chembe nyeupe za damu: kwa wagonjwa yamepungua kiasi gani, na yanarudi vipi wakipunguziwa dawa.

Siku aliyosimama kueleza kazi hiyo ukumbini nilikuwepo, safu ya mbele, nimevaa lile gauni la kola. Watu wa miwani ya kamba wamejaa. Mwanangu akasema mfano wa kifungo na tundu nimepewa na mama yangu, fundi cherehani, yule pale. Nikasimama ili wanione. Mtu wa pembeni akanivuta gauni akaninong'oneza, keti mama, keti. Nilikaa nilipokuwa tayari.

Wewe ulikuwa unajua kwa nini niliweza kusimama siku ile kwa madaha. Ni magoti yangu. Unakumbuka yalivyokuwa: cherehani yangu ni ya kukanyaga, umeme wa mtaa wetu haukuwahi kunishonea hata pindo, na magoti yalikuwa yamefika mahali naamka nayo kama bawaba zenye kutu. Wateja walianza kuhamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeshona mfuko wa shati upande wa kulia. Ndipo ulipokuja na kopo lako. Unga wa magoti. Kijiko asubuhi kwenye chai, kijiko jioni. Mizizi, magome na tangawizi, ulisema, umeusaga kwa mkono wako. Wiki haikuisha nikawa nakanyaga cherehani kama msichana anayekimbilia dansi. Nani alikusifu kuliko mimi? Nilisimama sokoni nikapandisha gauni, nikaonyesha magoti kwa wake za watu. Nusu ya wateja wako wa upande huu ni mimi niliyekuletea, wakaanza kukuita Mama Magoti, nawe ukalipenda jina.

Na uso wangu ukajaa. Mashavu kama ya mtoto anayenyonya. Kila mtu, umenawiri, unakula nini siku hizi? Nami najibu, nakula mkono wa mdogo wangu. Ukanitumia na picha ya Mama, mashavu yake yamevimba mpaka macho yamekuwa mistari, ukaniandikia mtazame bibi harusi, amerudi usichana tangu nimeanza kumtilia unga kwenye uji. Picha hiyo niliibandika ukutani juu ya cherehani. Nilikuwa naitazama nikivuta uzi.

Basi. Kazi ya Kiulizo ilihitaji pia damu ya watu wenye afya wasiotumia dawa, ya kulinganisha na ya wagonjwa. Watu wa kujitolea walikuwa adimu. Nikamwambia, mimi je? Akasita, akasema mtu wa nyumbani si vizuri. Nikavaa viatu nikaenda kwa Profesa mwenyewe. Nikamwambia mtoto huyu damu yake yote imetoka kwangu, kichupa kimoja zaidi kitawasumbua nini? Profesa akacheka, akakubali. Muuguzi akanikalisha, akanifunga mpira mkononi, akaniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba mimi hata kidonge cha kichwa sikijui, akaandike kwa wino.

Mdogo wangu, sikusema uongo. Kwangu mimi dawa ni ya hospitali, ina jina gumu, na unaimeza na maji ukikunja uso. Unga wako ulikuwa wa nyumbani. Haukunijia kichwani kabisa, kama ambavyo nisingetaja chumvi.

Majibu yalipotoka, matundu ya chembe zangu yalikuwa machache. Machache kama ya wagonjwa waliokuwa wakimeza vidonge miezi na miezi. Wenye afya wote wako huku, mama wa Kiulizo yuko kule na wagonjwa, peke yake, kama kiraka chekundu kwenye shuka nyeupe. Profesa akamwambia mwanangu mbele ya wenzake kwamba amechanganya vichupa, na kwamba mtu anayechanganya vichupa akauze juisi, huko akichanganya watu watalipa zaidi. Wenzake wakapata la kusema: haya Kiulizo, leo umepata jibu? Akanitoa damu tena, safari hii mwenzake akisimamia. Yakatoka yale yale. Profesa akasema basi kibovu ni mashine, au ni mkono wako, au ni mama yako. Mwanangu akamjibu, mama yangu hajawahi kuugua. Akazuiwa kugusa vichupa mpaka kieleweke. Kazi yake yote ikasimama kwenye neno langu moja nililompa muuguzi.

Hayo hakuniambia. Alikuja tu nyumbani asubuhi moja, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, akawa ananitazama nikipinda sare za shule. Ananitazama kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka. Akashika mkono wangu, akauliza alama hizi za bluu zimetoka wapi. Nikamwambia ni kona ya meza. Akagusa nyuma ya shingo, pale mafuta yalipojikusanya. Akatazama tumbo langu lilivyotangulia mbele na miguu ilivyobaki vijiti. Halafu akauliza taratibu, Mama, kuna vidonge unameza hutaki nijue?

Nilimkaripia vibaya. Nilimwambia nimekuzaa, nimekusomesha kwa miguu hii hii, leo umenifanya panya wako wa maabara na bado unaniita mwizi wa vidonge? Akalia. Nami kwa hasira nikasimama nitengeneze chai yangu, nikachota kijiko cha unga wako, nikakoroga mbele ya macho yake. Akaacha kulia. Akauliza hiyo ni nini. Nikamjibu, si unga wa mama yako mdogo. Tangu lini? Tangu magoti. Akakiweka chini kikombe nilichompa alipofika, polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Aliondoka na unga kidogo kwenye karatasi kumpelekea rafiki yake mkemia. Na mimi, mdogo wangu, nilisimama mlangoni kukutetea. Nilimwambia atakuta mizizi na magome, na siku hiyo atakuja kukupigia magoti wewe na mimi. Hata alipopiga simu kusema wamekuta tangawizi kweli, wamekuta magome kweli, na katikati yake vidonge vya steroidi vilivyosagwa, vingi, bado nilikutetea. Nikasema labda ni kinu cha kusagia, huenda mtu mwingine alisaga vitu vyake kabla yako. Akaniambia Mama, hakuna anayepeleka vidonge kinuni kwa bahati mbaya. Akaanza kunisihi nisikatishe unga ghafla, nimngoje anipeleke hospitali. Mimi nilishasikia neno vidonge, mengine sikuyasikia. Nikamkatia simu. Nikalibeba kopo lako mpaka kwenye sinki, nikalimwaga lote, nikafungulia maji, nikalisugua na sabuni.

Alipokuja kunichukua nilimwambia sina haja ya hospitali, nimeshaacha, na nina sare za watu za kumaliza. Aligombana nami mpaka sauti ikamkauka. Hakujua jinsi ya kumbeba mama yake kwa nguvu.

Kwanza miguu ikawa kama nguo iliyolowa. Kisha kutapika. Chakula sikitaki, maji siyataki, nikisimama chumba kinazunguka. Nikasema ni mafua. Nikajivuta mpaka kwenye cherehani, nikakanyaga mara chache, na nilichokumbuka baada ya hapo ni baridi ya chuma shavuni. Mteja aliyekuja kuchukua sketi ya mwanawe ndiye aliyenikuta nimeiangukia.

Hapa wodini walinieleza, na mwanangu akanitafsiria kwa lugha ya vifungo. Vifungo vya dukani vikimiminwa kila siku, si matundu peke yake yanayopungua. Ubongo nao unatazama, unaona mtaa umejaa vifungo, unaziambia zile tezi juu ya figo zilale, kazi hakuna. Zinalala, zinasinyaa. Sasa siku unapoukata unga ghafla, vifungo vya dukani havipo, tezi zako hazijaamka, na matundu yenyewe ni machache. Mwili unabaki uchi katikati ya barabara. Unajua walichonitia kwenye dripu ili nifumbue macho? Steroidi. Kile kile nilichokimwaga kwenye sinki, safari hii kikiwa na jina na kipimo. Dawa yenyewe si mbaya, imelala na mimi chumba kimoja inaponya watu. Sasa wananipunguzia kidogo kidogo, itachukua miezi, na magoti yamerudi kuuma kuliko zamani. Daktari aliniuliza kwa siku nilikuwa napata kiasi gani. Nikamwambia kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kijiko chenye nini? Sikujua. Yule mtu anafanya kazi kama fundi anayepima nguo macho yamefungwa.

Profesa alikuja, akasimama miguuni pa kitanda. Akasema mkono wa binti yako ulikuwa sawa tangu mwanzo. Nikamwambia nilijua, mkono huo nimeutengeneza mimi. Amerudishiwa vichupa vyake. Hilo ndilo tamu pekee katika barua hii, nimelitafuna peke yangu.

Maana Kiulizo alipoleta nguo zangu za kubadili, alileta na ile picha ya Mama kutoka ukutani, akidhani itanifurahisha. Nikaitazama. Mashavu yale. Macho mistari. Nikapiga yowe mpaka muuguzi akaja mbio.

Nilikupigia simu kutoka kitandani. Ulipokea mara hiyo moja. Ukaniambia vyeti vya Kiulizo vimenivuruga akili, kwamba watu wa maabara hawapendi kuona mtu wa chini anapata riziki, kwamba unga wako ni mizizi mitupu na mimi ni dada mwenye kijicho. Mimi! Niliyepandisha gauni sokoni kwa ajili yako! Nikakuuliza swali moja: mbona wewe magoti yako yanauma na hujawahi kuuonja? Ukakata simu.

Nilikuuliza hivyo kwa sababu kuna jambo nililiona kwako nikalicheka. Siku ile nilipokuja kumtazama Mama, mwanao wa mwisho alichovya kidole kwenye kopo akalamba. Ulimrukia, ukampiga kibao, ukamburuta mpaka bombani ukamsafisha ulimi kwa vidole vyako mpaka akatapika. Nikasema mdogo wangu bahili huyu, unga kidogo tu! Ukanitazama, ukacheka nami. Halafu ukajifuta mikono, ukachota kijiko kutoka kopo lile lile, ukamkorogea Mama uji.

Kwa hiyo ulijua. Labda hukujua yote, tezi na vipokezi huvijui, hata mimi nimevijua juzi. Labda uliona vinaondoa maumivu, ukasema shida iko wapi. Lakini ulijua kuna kitu humo mwanao hapaswi kukilamba, na ukatulisha sisi. Mama yetu na mimi.

Sasa nikwambie nilichokifanya, ukisikie kwangu. Kiulizo alinisihi nizungumze nawe kwanza, tuyamalize kifamilia. Nilipiga, hukupokea. Nikapiga, unaoga. Basi mimi, siyo mwanangu, usije ukamlaani mwanangu, nilimwita mkuu wa wodi, nikamwomba aniletee wakaguzi wa dawa. Wakaja wawili, wakakaa hapa kitandani kwangu. Nikawapa jina lako unaloitwa sokoni, nikawaeleza meza yako iko upande gani wa lango, na unga uliobaki kwa mkemia wanao. Watakuja. Siku gani sijui, hawakuniambia.

Niite msaliti. Tumelala kitanda kimoja, sare yako ya kwanza niliikata kutoka gauni langu jipya, na mimi ndiye niliyewaonyesha meza yako. Niite. Ila usinitafutie jina baya kuliko lako.

Na hiyo ndiyo sababu kaka amekuja mbio kabla yao. Nakujua. Ukisikia wakaguzi, mkono wako utakwenda kwenye sinki kama wangu ulivyokwenda. Utamwaga kila kitu, utasugua vikombe, utawaonyesha nyumba safi. Na Mama, ambaye ametumia muda mrefu kuliko mimi na ana umri wake, ataanza kutapika, nanyi mtasema ni uzee.

Ombi langu ndilo hili. Usimwage. Mchotee Mama kijiko chake cha leo, kile kile, kimejaa vile vile, umkorogee kwenye uji mbele ya kaka, umshikie bakuli mpaka amalize. Sikuwahi kufikiri ningekuandikia maneno kama haya, lakini nakuandikia: mlishe mama yetu ule unga wako, maana leo hakuna kingine kinachomsimamisha. Kisha kopo lote mpe kaka. Na umwambie kwa mdomo wako unatia vidonge gani na vingapi, ili daktari wa huku asipime macho yamefungwa kwa Mama kama alivyofanya kwangu. Ukimdanganya kaka hata kwa kidonge kimoja, anayeumia ni yeye aliyetuzaa. Wateja wako nao unawajua kwa sura na kwa magoti yao. Waambie wasiache ghafla, waende hospitali na makopo yao mkononi. Utaona aibu. Ione.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na huyo wa mwisho mbusu kwa niaba yangu, yeye ulimtunza vizuri. Mkweo mwambie simchukii, alitumwa.

Salamu zangu kwa Mama usimpe. Mwandae tu, mvalishe sweta. Salamu nitampa mwenyewe akifika.

Ni mimi dada yako, fundi,
Mama Kiulizo